Mtoto Akinywa Kostiki: Wiki ya Tatu Inadanganya

Ndugu msomaji, mkoa wetu wa Singida unasifika kwa alizeti. Tunalima, tunavuna, tunakamua mafuta. Mashudu tunawapa mifugo. Mafuta mengine tunauza, mengine tunapikia. Viko pia vikundi vya akina mama na vijana vinavyotumia mafuta hayo kutengeneza sabuni ya mche.

Kazi ya sabuni ni nzuri. Inaleta fedha nyumbani na inatupa usafi. Lakini sabuni ya mche haitengenezwi kwa mafuta peke yake. Inahitaji dawa kali iitwayo kostiki soda. Leo tutajifunza habari za mtoto aliyekunywa kostiki. Tutaona koo lake linavyoungua, na jinsi madaktari wanavyoweza kulifungua tena bila kupasua kifua.

KOSTIKI NI KITU GANI

Kostiki ni nyeupe. Huuzwa ikiwa magamba madogo au chembe za mviringo. Kwa macho ya mtoto inafanana na chumvi, sukari au pipi. Si yale magadi tunayotia katika maharage ili yaive upesi. Wala si soda ya kunywa. Jina hili la soda ni baya sana. Mama akimwambia mwenzake, "Soda iko ndani ya chupa," mtoto anasikia neno analolipenda. Kwa hiyo katika somo hili tutasema kostiki tu. Ni vizuri na nyumbani tuseme hivyo.

Mtengeneza sabuni hutia kostiki ndani ya maji. Maji hayo hupata moto yenyewe, bila kuni. Kwa sababu hiyo huachwa yapoe, mara nyingi usiku kucha. Yakishapoa na kutulia yanaonekana kama maji ya kunywa. Hayana harufu. Mtoto anatoka kucheza juani, ana kiu, anaona maji ndani ya ndoo au chupa. Anachota, anakunywa.

Ninyi mnaotengeneza sabuni mnajua kazi ya kostiki. Inakutana na mafuta ya alizeti na kuyageuza kuwa sabuni. Sasa fikirini: nyama ya mwili wa mtu nayo ina mafuta. Kostiki haichagui. Ikigusa koo la mtoto inaanza kuigeuza nyama ile laini kuwa kitu chenye utelezi kama sabuni. Kisha inazidi kuzama ndani. Kazi hii huanza mara moja, wala haingoji mama arudi kutoka kisimani.

Kutoka kooni hadi tumboni kuna mrija wa chakula. Mrija huo unaitwa umio. Umio umepita ndani ya kifua, nyuma ya bomba la hewa. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Kwa mtoto ni mfupi na mwembamba zaidi. Ukuta wake ni laini na hutanuka tonge linapopita. Umio ndio unaoumia zaidi kwa kostiki, na hauonekani kwa nje. Unaweza kumfumbua mtoto kinywa ukaona ulimi mzima, midomo mizima, kumbe umio umeungua.

SAA YA KWANZA

Tuseme mtoto amekunywa. Analia, anatoa udenda mwingi, anakataa kumeza hata mate. Pengine sauti imekauka, au anapumua kwa shida. Watu wamekusanyika na kila mmoja ana ushauri wake. Mmoja anasema mpe maziwa. Mwingine anasema mtie kidole atapike. Wa tatu anakimbilia ndimu, kwa kuwa amesikia kuwa uchungu wa ndimu unaua ukali wa kostiki.

Usimtapishe. Kostiki iliunguza umio ikiwa inashuka. Ukimtapisha itaunguza mara ya pili ikiwa inapanda, na inaweza kuingia katika mapafu. Usimpe ndimu wala siki. Vitu hivi vikikutana na kostiki hutoa joto, na joto hilo litatokea ndani ya koo lililokwisha kuungua. Usimpe mafuta, maziwa, uji, mkaa wala dawa ya mizizi. Asile wala kunywa kitu mpaka aonwe na mganga wa zahanati au daktari.

Kitu cha kufanya ni hiki. Mvue nguo zilizolowa kostiki. Mwoshe uso, mikono na kifua kwa maji mengi safi. Kama ni mkubwa na ana akili zake, asukutue kinywa na kutema. Mketishe, usimlaze chali. Kisha nendeni upesi kituo cha afya au hospitali. Bodaboda ikiwa karibu kuliko gari la wagonjwa, panda bodaboda.

Chukua na chombo alichonywea, hata kama kimebaki na tone moja, ukifunge vizuri. Daktari akijua ni kostiki, na akijua saa mtoto aliyokunywa, atatibu bila kubahatisha. Hapa nataka kusema wazi jambo moja. Wazazi wengine huficha. Mama anaogopa kugombezwa na baba, au wenye kikundi wanaogopa mwenyekiti wa kijiji. Wanasema mtoto amekula tu kitu kibaya, au ana homa. Maneno hayo yanaweza kumpotezea mtoto siku nzima.

Jambo jingine ni kimeo. Mtoto asiyeweza kumeza hupelekwa mara nyingine kwa fundi wa kukata kimeo. Kimeo hakina kosa lolote hapa. Kukikata ni kumwongezea mtoto kidonda na damu juu ya kuungua alikoungua.

Msomaji, simama hapa kidogo. Kama mnasoma pamoja katika darasa la kisomo, ulizaneni: katika kijiji chenu kostiki inauzwa wapi? Inafungwa katika nini? Na ikifika nyumbani inakaa wapi?

HOSPITALI

Hospitalini mtoto atawekewa maji ya mshipani, maana hawezi kunywa. Atapewa dawa ya maumivu, na pumzi yake itaangaliwa sana. Msishangae mkiona hawamwoshi tumbo kama wanavyofanya kwa sumu nyingine. Kuingiza maji na mpira kwa nguvu katika umio uliolainika ni hatari.

Kama hospitali ina kifaa, daktari atataka kuchungulia ndani ya umio. Mara nyingi hufanya hivyo katika siku moja au mbili za mwanzo. Kifaa hicho kinaitwa endoskopi. Ni mpira mrefu, mwembamba, unaopindika. Ncha yake ina taa na kamera ndogo. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mpira ukapitishwa kinywani hadi tumboni, na daktari akaona picha katika runinga. Ataona kama umio umekuwa mwekundu tu, au una vidonda, au umekuwa mweusi kwa kufa. Ulioungua kidogo hupona wenyewe. Ulioungua sana utaacha kovu. Siku hizo za mwanzo zikipita, kuchungulia huwa kunasubiri, kwa sababu umio unakuwa dhaifu na ni rahisi kutoboka.

Zamani kifaa hiki kilikuwa bomba la chuma lililonyooka. Huko Marekani alikuwako daktari mmoja, Chevalier Jackson, aliyesifika kwa kazi ya bomba hilo. Aliwaona watoto wengi walioungua umio kwa dawa ya kutengenezea sabuni na ya kusafishia nyumba, maana huko nako watu walikuwa wakiiweka jikoni bila alama. Hakuridhika kuwatibu tu. Alidai sheria, na mwaka 1927 Marekani ilipitisha sheria iliyolazimisha dawa kali za namna hiyo ziandikwe kuwa ni sumu. Mpira unaopindika ulikuja baadaye. Ulionyeshwa mwaka 1957 na Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani.

SIKU NJEMA ZINAZODANGANYA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Tafadhali soma sehemu hii polepole, na msomee jirani asiyejua kusoma.

Baada ya wiki moja hivi mtoto anaanza kupata nafuu. Vidonda vya kinywa vinafunga. Udenda umekoma. Anakunywa uji, anacheka, anacheza na wenzake. Wazazi wanashukuru, wanarudi nyumbani. Wiki ya pili anakula. Wiki ya tatu naye yumo, ila anatafuna polepole, na ugali anauacha. Mama anasema amedeka kwa sababu ya ugonjwa. Baba anasema ana minyoo.

Kumbe ndani ya umio kidonda kinageuka kovu. Mnajua kovu la moto linavyofanya. Mtu akiungua kiwiko, ngozi hupona lakini hujikunja na kuvuta mkono. Kovu la umio nalo linavuta, ila lenyewe limezunguka mrija pande zote. Linapovuta, mrija unakuwa mwembamba. Kwanza nyama haipiti. Kisha ugali haupiti. Kisha uji mzito. Mwishoni hata maji na mate yanarudi. Mtoto hafi kwa kostiki tena, anakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Au chakula kinarudi usiku, kinaingia katika mapafu, naye anashikwa na kichomi mara kwa mara.

Kwa hiyo mtoto aliyekunywa kostiki arudishwe hospitali wiki ya tatu hata kama anacheza. Mpimeni uzito na kuandika katika kadi yake ya kliniki. Mstari wa kadi ukianza kushuka, au ukisimama bila kupanda, msingoje. Ukiona anakunywa maji kusukuma kila tonge, au anatema chakula alichokwisha kutafuna, msingoje. Kovu jipya hupanuliwa kwa urahisi zaidi kuliko kovu gumu la mwaka mzima.

KUPANUA UMIO

Wazee wetu waliotoboa ndewe za masikio wanaweza kutufundisha kazi hii. Hawakutia gogo kubwa siku ya kwanza. Walitoboa tundu dogo, wakatia kijiti chembamba. Siku zikapita, wakatia kinene kidogo. Kisha kinene zaidi. Aliyekuwa na haraka alichana sikio lake. Na aliyetoa kijiti mapema mno aliona tundu limeanza kuziba.

Daktari anafanya hivyo hivyo katika umio. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari anachungulia kwa endoskopi mpaka aone mahali palipobana. Hapo anapitisha waya mwembamba sana. Juu ya waya huo anatelezesha vijiti laini vyenye ncha nyembamba, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kidogo kuliko cha kwanza. Madaktari wengine hutumia puto dogo. Puto huingizwa likiwa limenywea, kisha hujazwa maji au hewa mahali palipobana, nalo likapanua. Hakuna kisu katika kazi hii wala mshono kifuani. Watoto wengi hunywa tena siku ile ile.

Umio ukiwa umebana sana, daktari anaweza kutumia uzi. Uzi huingia puani, ukapita katika umio na kutokea katika tundu dogo lililotobolewa tumboni. Ncha zake mbili hufungwa pamoja. Siku ya kupanua, uzi huo ndio unaovuta kijiti kipite njia iliyo sawa. Mtoto akirudi nyumbani na uzi wa namna hiyo, usiukate. Mfungeni vizuri asiuvute. Uzi ule ndio njia yenyewe.

Tundu la tumboni lina kazi nyingine tena. Huwekwa mpira wa kulishia, ili mtoto asidhoofike huku umio ukitibiwa. Akina mama wengi huogopa mpira huu. Wanaona kama mtoto amekwisha kufa. Si hivyo. Mpitishie uji mwepesi uliochujwa, maziwa yaliyochemshwa, na mafuta kidogo ya alizeti ndani ya uji ili upate nguvu zaidi. Nawa mikono kwanza. Kila umalizapo kumlisha, pitisha maji safi yaliyochemshwa ili mpira usizibe. Ukichomoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana tundu huanza kuziba upesi.

Kupanua mara moja hakutoshi. Hili ndilo linalowashinda wazazi wengi kuliko yote. Kovu lina tabia ya kurudi. Mwanzoni mtoto huitwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kisha nafasi huongezwa. Wako wanaohitaji mara chache tu. Wako wanaohitaji mara kumi na zaidi, kwa mwaka mzima au miaka. Mtoto akianza kumeza vizuri baada ya mara ya pili, baba husema, "Amepona, nauli tuinunulie mbolea." Baada ya mwezi umio umebana tena, na daktari anaanza upya na kijiti chembamba.

Huko Sierra Leone, Afrika Magharibi, watu hutengeneza sabuni nyumbani kwa kostiki kama sisi. Karibu na mji wa Freetown, mahali paitwapo Goderich, shirika la Kiitalia liitwalo Emergency liliendesha hospitali iliyowapokea watoto wengi walioziba umio kwa sababu hiyo. Madaktari wa huko waliandika kuwa wengi waliletwa wakiwa wamechelewa na wamekonda. Hata hivyo, kwa kuwalisha kwa mpira na kuwapanua mara kwa mara, wengi wao walirudi kula kwa kinywa.

Kupanua kuna hatari yake, wala tusiifiche. Mara chache umio hutoboka. Mtoto akirudi kutoka kupanuliwa, mwangalieni siku hiyo na ya pili yake. Akipata maumivu makali ya kifua, homa, kupumua kwa shida au shingo kuvimba, arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wako pia watoto ambao umio wao umeharibika mno, usipanuke. Hao hufanyiwa upasuaji mkubwa, na kipande cha utumbo hutumika kuwa umio mpya.

NJIA YA KUTOKA SINGIDA

Kazi ya kupanua umio wa mtoto haifanywi katika zahanati. Anzeni kituo cha karibu, na kutoka hapo hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Singida mjini. Walio karibu na hospitali za misheni, kama Makiungu, Iambi au Itigi, wanaweza kuanzia huko. Daktari atawaandikia barua ya rufaa. Hospitali kubwa zenye vifaa vya kuchungulia ni kama Benjamin Mkapa ya Dodoma, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Dodoma ndiyo karibu zaidi kwa wengi wetu, kama kilomita 240 kutoka Singida mjini. Mwombeni daktari apige simu kwanza kuuliza kama daktari wa watoto wa kazi hiyo yupo na siku gani, msije mkafunga safari bure.

Fedha ni tatizo la kweli. Sera ya afya ya nchi yetu inasema watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya serikali. Kwa mkubwa zaidi, au penye gharama zisizomudika, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo hapo hospitalini kabla ya kukata tamaa. Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu. Nauli za safari nyingi ni mzigo wa kwenu wenyewe. Wenye kikundi cha sabuni wangefanya vema kutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajali kama hizi.

KABLA HAYAJATOKEA

Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayeisimamia. Kostiki imo. Lakini sheria haifiki yenyewe jikoni kwako. Dukani hupimwa kidogo kidogo na kufungwa bila neno lolote. Ndugu uliyejifunza kuandika, hapa kalamu yako ina kazi. Andika SUMU kwa herufi kubwa juu ya chombo, na uchore fuvu la kichwa kwa ajili ya wasiosoma. Kisha ukumbuke kuwa mtoto wa miaka miwili hasomi wala haogopi fuvu. Kwa hiyo kostiki ikae ndani ya sanduku lenye kufuli.

Isitiwe kamwe katika chupa ya maji, chupa ya soda, kikombe au kibuyu. Maji ya kostiki yanayopoa yasiachwe uani. Yawekwe katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ndani ya chumba kilichofungwa, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mlinzi wake. Ni bora zaidi kikundi kifanye kazi hii katika banda lake, mbali na nyumba ambamo watoto wanalala. Maji ya betri ya gari nayo yashikwe hivyo hivyo, maana nayo huunguza umio. Hata zile betri ndogo bapa kama kifungo, zilizomo katika saa na vitu vya kuchezea, zikikwama ndani ya umio huweza kuunguza katika muda wa saa mbili. Mtoto aliyemeza moja apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mtoto aliyekwisha kutibiwa, mwambieni mwalimu wake. Aachwe ale polepole, na awe na maji karibu. Nyama ikatwe vipande vidogo sana, na samaki atolewe miiba. Akiwa mtu mzima, hata baada ya miaka ishirini au thelathini, akiona chakula kinaanza kukwama tena, amweleze daktari kwamba alikunywa kostiki utotoni. Umio wenye kovu la zamani hupata saratani kwa urahisi zaidi kuliko mwingine, na daktari asipoambiwa hawezi kujua.